Kunde Moja Mkononi mwa Nzioka

Dada aliyechukua meza yangu katika ofisi ya mifugo alinipigia simu miezi minne baada ya mimi kustaafu. Hakuuliza faili ziko wapi. Alitaka kujua kwa nini ndani ya kabati la dawa kuna kikopo cha mbaazi na kunde zilizochanganywa, na juu yake karatasi imeandikwa "Usipike". Nikamwambia hicho ni chombo cha kazi. Alicheka, na nadhani aliona uzee umeanza mapema. Basi nimekaa hapa kwangu Kibwezi, mabati yakilia kwa joto, nimwandikie yeye na wenzake habari ya hicho kikopo. Vyeo na mshahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Aliyenipokea ni Bwana Mbithi, afisa wa zamani, mtu mrefu mwenye viatu vya mpira ambavyo sikuwahi kumwona amevivua, hata kanisani. Aliitazama ile tai akasema, "Hiyo watainyea." Kabla ya saa tatu asubuhi kuku walikuwa wamekwisha kuinyea. Sikuivaa tena mpaka siku ya kuagwa.

Mbithi alinifundisha kazi zaidi ya chuo, na nasema hivyo bila kukidharau chuo. Alinifundisha kwamba chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima, hutolewa kabla kuku hawajafunguliwa, kwa sababu kuku akishaonja uhuru utamkimbiza mpaka kwa jirani na jirani atacheka. Tone moja kwenye jicho, kisha ungoje kuku apepese. Asipopepesa, hujachanja, umemwosha uso. Alinifundisha kupima mayai kwa tochi iliyotiwa ndani ya kasha la viatu lenye tundu, na kunusa banda kabla ya kuuliza swali lolote.

La maana zaidi alinifundisha kuhusu watu. Huku Ukambani mbuzi na ng'ombe ni wa baba, kuku ni wa mama. Lakini ukifika bomani, baba ndiye atakupa kiti, na baba ndiye atajibu kila swali kuhusu kuku ambao hajawahi kuwatupia hata punje. "Msikilize mpaka mwisho," Mbithi alisema, "umshukuru, halafu uombe maji ya kunywa. Yule ataleta maji ndiye anajua kuku." Nimetumia njia hiyo miaka yangu yote na haijawahi kuniangusha. Nilipoangushwa, niliangushwa kwa kuisahau.

Alikuwa na sheria nyingine moja: "Dawa ya kuku iishie kwa kuku. Ya nyumba waachie wenye nyumba." Hiyo niliivunja mara moja tu, na ndiyo sababu ya kikopo.

Baada ya miaka kadhaa hapa chini kwenye joto nilihamishiwa Kilungu, kule milimani, ambako asubuhi unachanja kuku huku meno yakigongana. Kulikuwa na kikundi cha kina mama kilichopata mashine ya kuangua mayai, ile ya taa ya mafuta. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Mwende. Mwende ni binti yake wa kwanza, na baada ya Mwende walikuja wasichana wengine wanne. Mvulana hakuwepo. Wote watano walikuwa na uso wa baba yao, Nzioka, na ule mwanya wake wa meno ya mbele, kiasi kwamba ukikutana nao njiani wamebeba maji ungedhani umekutana na Nzioka mara tano.

Mama Mwende alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Aliijua mashine ile kwa sauti. Taa ikipungua kidogo alikuwa akisimama katikati ya mkutano, anakwenda kuurekebisha utambi, anarudi na kuendelea na sentensi pale alipoiachia. Hakuwahi kutumia kipimajoto changu isipokuwa kunifurahisha. Alikuwa akilaza yai kwenye kope la jicho, anatulia, kisha anasema "limezidi" au "liko sawa", na kipimajoto kilikubaliana naye kila mara. Nilimstaajabia wakati ule, na ningali namstaajabia.

Shida ya kikundi ilikuwa wateja. Mteja wa mayai anataka mitetea, yaani majike wachanga, siyo majogoo. Na kifaranga wa siku moja hakuambii yeye ni nani. Kina mama walikuwa wakiuza kwa kubahatisha, na mteja akipata majogoo kumi na mawili kati ya ishirini, anarudi na maneno.

Hapo nikakumbuka somo la chuoni. Kuna rangi za kuku zinazorithiwa pamoja na jinsia. Ukichanganya kuku wa mistari, wale wa weusi na weupe kama sweta iliyofumwa, na kuku wekundu, basi vifaranga wa kiume huanguliwa na doa jeupe utosini, na wa kike huanguliwa weusi bila doa. Unawatenga siku hiyo hiyo, bila kubahatisha. Niliwaeleza kina mama, wakapiga makofi. Kikundi kilikuwa na majike wekundu tayari, kwa hiyo nikasafiri mpaka shamba moja la kuku nikarudi na jogoo wa mistari, mkubwa, mwenye shingo ya chifu.

Mama Mwende alimzunguka yule jogoo mara mbili. Akasema, "Daktari, kwa nini hukuleta kuku ya kike ya mistari? Hata mimi niko nazo nne, zilitoka kwa mama yangu."

Nilimjibu kwa haraka, na jibu hilo linaniwasha hadi leo. "Mama, mbegu ni ya jogoo."

Alinitazama tu, akaenda kuleta maji. Nami niliyanywa hayo maji bila kukumbuka Mbithi aliniambia nini kuhusu anayeleta maji.

Mnisamehe nieleze kosa hili vizuri, kwa sababu ni kosa letu sisi wenyewe. Huku mtu ni wa ukoo wa baba yake. Shamba linafuata baba, jina linafuata baba. Mtu aliyelelewa hivyo akifikiria mbegu, anamfikiria dume, hata akiwa na cheti. Chuoni niliuchora mchoro huo sawasawa na nikapata alama nzuri. Lakini kati ya chuo na Kilungu, kichwa changu kiliugeuza mchoro kikauweka kama kilivyozoea.

Siku ishirini na moja zikaisha. Tulifungua mashine kina mama wote wakiwepo, na Nzioka amesimama mlangoni pamoja na kaka yake mkubwa, Mutua. Nikatoa kifaranga wa kwanza: doa. Wa pili: doa. Wa kumi, wa ishirini, wa arobaini: doa, doa, doa. Hakukuwa na hata mmoja bila doa. Kwa maelezo yangu mwenyewe, tulikuwa tumeangua majogoo matupu.

Mutua alicheka kwa sauti. "Hii nyumba iko na maneno. Mwenyewe anazaa wasichana tupu, kuku zake zinazaa wanaume tupu. Hapa kuna kitu haiko sawa."

Mama Mwende aliendelea kuwahamisha vifaranga kutoka kwenye trei, mmoja mmoja, mikono yake ikiwa imara. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Jioni ile mama mmoja wa kikundi alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki na kuniambia nilichokuwa sijui. Ukoo ulikuwa unamsukuma Mama Mwende aoe iweto. Hii ni desturi ya zamani: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwingine, anamlipia mbuzi kama mwanamume anavyofanya, na wavulana watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake, wanarithi shamba. Nimejua nyumba zilizoishi vizuri kwa njia hiyo, na sitaicheka. Lakini Mama Mwende hakuitaka. Alitaka shamba lile liwe la wasichana wake watano. Kwa muda mrefu alijibu kwamba angefikiria. Sasa Mutua alikuwa na ushahidi kwamba nyumba ile ina kasoro, na ushahidi huo nilimletea mimi. Kikao kiliwekwa baada ya mavuno ya mbaazi.

Sikulala vizuri wiki hiyo, naomba niseme hivyo bila aibu. Nilitoa madaftari ya chuo kutoka sandukuni, nikaupata ule mchoro. Mwenye mistari ni mama. Jogoo ni mwekundu. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume, na ukifanya kinyume kila kifaranga anapata mistari kutoka kwa baba, wa kiume na wa kike pamoja. Wale wote wenye madoa hawakuwa majogoo. Nusu yao, au karibu nusu, walikuwa majike.

Asubuhi nilipanda kwa Mama Mwende nikamwambia, "Mama, nilikosea. Ni wewe ulisema kweli." Alikuwa anachambua kunde. Alinisogezea kigoda.

"Mimi nilijua hao si majogoo wote," akasema. "Wengine wanatembea kama wasichana. Lakini wewe ndiye umesoma, nikasema wacha ningoje."

Kisha akanieleza kitu ambacho sijasikia kikielezwa vizuri zaidi ya hapo na mtu yeyote mwenye digrii. Kuku wa mistari wa mama yake aliwachunga tangu akiwa msichana. "Hii kuku ya mistari, ukiiwekea jogoo nyekundu, mistari inaenda kwa vijana peke yake. Wasichana hawapati, wanatoka nyeusi tupu. Sasa wewe ukichinja huyo kijana, mistari imeisha kwako. Lakini ukimwacha akue, apate wasichana wake, mistari inarudi kwa wengine wao. Inatoka kwa mama, inapita kwa kijana, inarudi kwa msichana. Ndiyo maana mama yangu hakuwa anakula jogoo ya mistari, hata Krismasi."

Wahenga walisema mwana wa kuku hafundishwi kuchakura, na mimi nilikuwa nimesafiri na jogoo kwenye kikapu kuja kumfundisha. Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia mtu yeyote hayo. Akasema, "Nani ameuliza?"

Tukaanza upya. Wale majike wake wanne wa mistari tuliwatenga peke yao wiki tatu nzima kabla ya kuwapa jogoo, kwa sababu jike hubeba mbegu ya jogoo wa zamani mwilini kwa wiki mbili, tatu, na ukiharakisha utaangua watoto wa mume wa kwanza. Dada wa ofisini, hili lishike, wengi wanalisahau. Kisha tukaazima jogoo mwekundu wa jirani, mkorofi aliyenidonoa kifundo cha mguu. Tukaokota mayai, tukayapima kwa tochi, tukayaweka kwenye mashine. Mama Mwende alihesabu siku kwa mafundo kwenye kamba. Siku ya kuangua ikaangukia wiki ya kikao, na yeye mwenyewe akamwambia Mutua kikao kifanyike siku hiyo hiyo, hapo hapo kwake.

Nilimwambia hiyo ni hatari. Je, ikiwa nimekosea tena? Akasema, "Safari hii hujakosea, kwa sababu safari hii ni mimi."

Walikuja: Mutua na wazee wawili wa ukoo, Nzioka amekaa na kofia yake ya jua magotini, na mama yao yeye na Mutua, ajuza mdogo aliyeitwa na wote Susu, yaani bibi. Tulikula muthokoi kwanza, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa sababu hakuna maneno mazito huku yanayosemwa na tumbo tupu. Kisha Mama Mwende akaleta trei uani.

Nikatoa vifaranga mbele yao. Doa. Hana doa. Hana doa. Doa. Tulipomaliza kulikuwa na vikapu viwili, vimekaribiana. Halafu Mama Mwende akafungua banda la pembeni, wakatoka wale wa kwanza, wale "majogoo matupu", sasa wakiwa na miezi miwili. Wengine walikuwa na vilemba vikubwa vyekundu. Wengine, idadi kama hiyo, walikuwa na vilemba vidogo vya njano na mistari iliyokoza, mitetea bila shaka yoyote. Mzee mmoja alisimama akaenda kuwaangalia kwa karibu. Nikasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu, na nyumba ile haikuwa na neno lolote.

"Lakini inakuaje?" akauliza yule mzee.

Niliangaza macho nikitafuta kitu cha kuelezea. Karibu nami kulikuwa na mbaazi za mavuno na ungo wa kunde. Nikachukua mbaazi moja na kunde moja nikaziweka kiganjani mwa Mama Mwende. Nikachukua mbaazi mbili nikaziweka kiganjani mwa Nzioka. "Mama Mwende ni kuku jike," nikasema, "Nzioka ni jogoo." Watu walicheka, hata Mutua. "Kila mmoja anampa mtoto moja. Jogoo hana lingine, lazima atoe mbaazi. Mama akitoa mbaazi, mtoto ana mbaazi mbili, ni jogoo kama baba. Mama akitoa kunde, mtoto ni jike. Sasa, mistari ya mama imeandikwa juu ya mbaazi yake. Kwa hiyo inakwenda kwa vijana peke yao. Kunde haibebi mistari."

Mama Mwende alitikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akisoma vizuri.

"Kumbe kwa kuku," Mutua akasema polepole, "mama ndiye anachagua kijana ama msichana." Akamtazama shemeji yake, na niliona Mutua ameridhika, kana kwamba hata kwa watu ni hivyo hivyo.

Susu aliegemea mbele. Akaniuliza, "Na kwa watu?"

Hapo nikamsikia Mbithi sikioni, na viatu vyake vya mpira. Dawa ya kuku iishie kwa kuku. Nilikuwa mgeni, nimelishwa, na wenye nyumba walikuwa wote pale. Nikamtazama Mama Mwende. Hakunipa ishara yoyote. Alikuwa ameshika kiganja chake wazi tu, kama nilivyomwachia.

"Kwa watu ni kinyume, Susu," nikasema.

Nikachukua ile kunde kiganjani mwa Mama Mwende nikaiweka kiganjani mwa Nzioka, na mbaazi moja ya Nzioka nikampa mkewe. "Kwa watu, mama ana mbaazi mbili. Hana kunde. Mwenye kunde ni baba, na kwa watu kunde ndiyo mvulana. Mama hawezi kutoa kitu ambacho hakuwekewa mkononi. Na baba naye hachagui. Ni kama kutia mkono mfukoni bila kuangalia."

Nzioka aliitazama ile kunde muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, na nadhani ndiyo sababu kaka yake alimsemea maisha yake yote. Akaigeuza kwa kidole gumba.

"Sasa mimi nilikuwa natoa mbaazi," akasema. "Mara tano."

"Mara tano," nikasema.

"Na huyu mama amekuwa akitukanwa."

Susu aliinua mkono wake akawaelekezea wazee na Mutua njia ya kutokea, kwa kidole kimoja, bila hasira. "Mmekula," akasema. "Nendeni."

Mutua alianza kusema jambo juu ya shamba. Lakini Nzioka alikuwa ameinuka, na alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya. Alipiga magoti mbele ya kikapu cha wasio na doa. Mwanamume yule hakuwahi kushika kuku isipokuwa wa kuchinjwa. Akawatoa mmoja mmoja, akiwatazama utosini kuhakikisha, akawaweka ndani ya kofia yake: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akasimama na kofia mikononi.

"Hawa ni wa wasichana wangu," akamwambia kaka yake. "Na mahali kuku zao zitalala ni hapa."

Mama Mwende aliingia jikoni haraka. Mimi nilijifanya nakagua taa ya mashine, maana macho yangu hayakuwa mazuri.

Iweto haikutajwa tena katika boma lile. Kikundi kiliuza mitetea bila kubahatisha mpaka nilipoondoka, na kila mteja aliyeuliza siri yake aliambiwa amuulize mwenyekiti. Kile kikopo nilikijaza kutoka ungo wake, na nimekifungua kwenye maboma mengi tangu siku hiyo. Dada, tafadhali usikitupe. Na kabla hujampelekea mtu jogoo, omba maji ya kunywa.

Mgeni huku huchinjiwa jogoo. Siku nilipokwenda Kilungu kuaga, nimevaa tai yangu, Nzioka alinikabidhi kikapu kwa mikono yake mwenyewe, na ndani yake alikuwamo kuku jike wa mistari, wa uzao wa kuku wa mama yake Mama Mwende. Sijamchinja. Nina jogoo mwekundu hapa Kibwezi, na mwezi uliopita yule kuku aliangua. Niliwageuza vifaranga mmoja mmoja mpaka wa mwisho, nikawatenga, nikawa na uhakika kabisa. Kisha nikamwita mke wangu, nikamwomba maji, nikangoja aniambie yeye.